Zamu ya Jumamosi

Mafundo thelathini na mawili ya mnyororo,
si thelathini na moja. Nimehesabu kwa kidole,
nikahesabu tena kwa ulimi, kimya,
maana sufu huvutika, hukubembeleza,
pamba husema ulichofanya.

Fundo fupi, fundo refu. Fupi, refu.
Mwisho wa safu, geuza,
kisha juu ya fupi weka refu, juu ya refu weka fupi,
mpaka kitambaa kianze kuota vipele
kama ngozi ya mtu aliyetoka majini.

Hapa Kajaani ni saa tisa alasiri na taa za barabarani zinawaka.
Gari la kukwangua theluji limepita mara ya tatu.
Ndugu wakigombana, walisema, shika jembe ukalime.
Hawakuiona Januari hii. Ardhi imeganda kina cha mkono mzima,
jembe lingekurudishia cheche.
Nikashika sindano ya kroshia.

Ugomvi wenyewe ni birika.
La shaba, la mama, lenye mdomo uliopinda
tangu Tauno alipoliangusha kwenye ngazi.
Helvi alilichukua siku ya mazishi, vikombe havijakauka,
akalivingirisha ndani ya koti, akalipakata kama mtoto
hadi kwake, mlango ukafungwa.
Mimi ghorofa ya kwanza, yeye ya nne.
Mwaka na miezi miwili
hatujaambiana hata "baridi leo."

Ila Jumamosi.
Zamu ya sauna ya chini, saa kumi na mbili hadi saa moja,
ingali kwa jina la mama kwenye daftari la msimamizi,
na hakuna kati yetu aliye radhi kuiacha.
Kwa hiyo tunashuka, kila mtu na taulo lake,
mimi benchi la juu, yeye la chini.
Maji juu ya mawe. Mvuke unatukumbatia wote wawili
bila kuuliza nani ana birika.

Safu ya tisa fundo likanipotea,
pale pembeni, wanapopoteza wote.
Nikafumua. Nikafuma. Nikafumua.
Eino, macho kwenye televisheni, akasema
kitambaa cha dukani ni yuro mbili.
Sikumjibu. Nilikuwa nahesabu.

Na nisijisifu: nilikifuma kwa ajili yangu.
Kijivu, kisionyeshe uchafu wala nia.

Kinyozi hajinyoi,
na mgongo haujawahi kujifikia.
Jumamosi Helvi alihangaika na brashi ya mpini mrefu;
bega lake la kushoto haliinuki tena,
limebaki kwenye shuka za hospitali alizofua miaka ishirini na sita.
Nikauona ule mgongo. Wa mama mtupu:
baka jeusi chini ya shingo,
uti umelala upande kidogo
kama safu niliyokosea.

Sikupanga. Nililowesha kitambaa,
nikashuka benchi moja.

Vipele vikashika sabuni, vikashika ngozi.
Fupi, refu. Fupi, refu.
Akakaza mabega. Nikangoja anifukuze.
Jiwe moja likalia tsss.
Kisha, bila kugeuka, neno la kwanza
kwa miezi kumi na minne:

"Juu kidogo."

Nikapanda juu kidogo.

Wakipatana, walisema, chukua kapu ukavune.
Sijui kama tumepatana. Birika lingali ghorofa ya nne
na sijaliuliza.
Ila leo asubuhi, kwenye kitasa changu,
umening'inia mfuko wa karatasi.
Ndani, kitonge cha uzi wa pamba,
samawati ile mbaya anayoipenda yeye peke yake.
Hakuna barua.
Nimeuweka puani: unanukia kahawa
iliyochemka polepole, ndani ya shaba.

Eino anauliza natafuta nini kabatini.
Kapu, nimemwambia.
Kapu.